Marehemu wa Feri ya Ijumaa

Katika mji wa kisiwani wa Port aux Basques, ambako upepo huvuma kwa bidii hata kunguru wakitaka kwenda magharibi huomba lifti, aliishi mzee mmoja, Selby Keeping, ambaye hakuwahi kusimulia jambo likabaki na kimo chake. Samaki akipita mdomoni mwa Selby aliingia dagaa, akatoka nyangumi. Watu walimpenda kwa hilo. Jioni za baridi walimpitia makusudi, wakavua viatu ukumbini, wakajipanga jikoni karibu na jiko la kuni, kisha wakamchokoza.

"Haya, mjomba, ukungu wa mwaka ule ulikuwaje?"

"Ukungu gani, ule mwembamba au ule wenyewe?" Selby angeuliza, na hapo hapo wangejua wamepata. "Ule wenyewe, nilitundika koti langu juu yake nikaingia ndani kunywa chai. Natoka, ukungu umekwenda na koti. Koti likaonekana North Sydney, ng'ambo, limevaliwa na polisi."

"Polisi mwembamba huyo," Melvina, mkewe, angesema bila kuinua macho kwenye soksi anayofuma. "Lile koti hata wewe halikufungi tumbo."

Wakacheka, wakanywa chai, wakaenda zao. Uongo wa namna hiyo haukumvunjia mtu mguu. Ulikuwa uongo wa kupashia moto jikoni, na kila aliyeusikia alijua bei yake.

Basi mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imeegemea madirisha, Melvina alimwambia mumewe, "Leander anatimiza themanini mwezi wa nane. Nataka kumwona kaka yangu kabla mmoja wetu hajawa picha ukutani. Miguu imemwisha, kuja hawezi. Tutakwenda sisi North Sydney, na gari, nimpelekee kiti cha baba."

Kiti hicho kilikuwa cha kubembea, cha mti mzito, marehemu baba yao alikichonga kwa mkono. Ndege haikuwa ya kuzungumzwa. Melvina alikuwa na ahadi ya zamani na Mungu kwamba hatapanda chombo kisichogusa ardhi wala maji.

"Kata tiketi mapema, Selby. Agosti wabara wote wanakuja kututazama kama tuna mikia, feri inajaa."

"Mwanamke, unamfundisha bata kuogelea? Feri hiyo naijua kuliko nahodha."

Na kweli alivuka mara nyingi. Alichimba madini huko bara karibu maisha yake yote ya kazi, akienda na kurudi, kama nusu ya wanaume wa mji ule. Akavaa miwani, akafungua kompyuta, akabonyeza kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mchele, kisha akapiga makofi. "Imekwisha! Ijumaa, saa sita kasorobo mchana. Gari letu mbele kabisa, karibu na mlango wa kutokea."

Mbele kabisa haikuandikwa popote, lakini Selby alikuwa Selby. Ilipofika Mei, tiketi ile ilikuwa imeota chumba chenye dirisha la baharini. Juni, mpishi wa feri alikuwa ameulizwa kama anajua kupika ulimi wa samaki namna anayopenda Melvina. Julai, mbele ya jirani yao Otto Sheaves, nahodha mwenyewe alikuwa amepiga simu kuuliza Bwana Keeping angependa bahari iwe na mawimbi au iwe tulivu.

"Ukamwambiaje?" Otto aliuliza.

"Nikamwambia ya wastani. Sitaki watu wengine wanione najivuna."

Melvina alicheka na kuendelea kuweka vitu karibu na mlango: samaki wakavu wa chumvi waliofungwa kwenye gazeti, jamu ya matunda ya kinamasi, sweta jipya. Kila asubuhi alipita, akaligusa lile furushi, akaendelea na kazi zake.

Jumanne ya wiki ya safari, Selby akinywa chai, Melvina akamuuliza swali dogo kabisa. "Tufike gatini saa ngapi?"

"Ngoja nitazame," akasema, akafungua tiketi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Saa ilikuwa ile ile, siku ile ile, gari lile lile. Lakini tiketi ilisema: kutoka North Sydney, kwenda Port aux Basques.

Akasafisha miwani kwa ncha ya shati. Tiketi haikubadilika.

Iko hivi. Miaka yote ile ya kuchimba madini, safari ya kwenda hakuikata yeye. Kampuni iliwakusanya wanaume kwa basi, ikawapakia, ikawapeleka. Safari ambayo mtu alijikatia mwenyewe, kwa fedha yake na kwa hamu yake, ilikuwa ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo kompyuta ilipomuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, kidole cha Selby hakikumuuliza Selby. Kilijiendea kilikozoea. Wanaume wangapi wa mji ule wamefanya kosa hilo hatujui, maana hakuna aliyewahi kulikiri.

"Saa ngapi?" Melvina akauliza tena kutoka sebuleni.

"Mapema," Selby akasema. "Nashuka gatini mara moja. Kuna jambo la nafasi ya kiti, nataka nilihakikishe."

Mtu mwingine angesema pale pale, "Mke wangu, nimekosea." Wangecheka hadi Jumatano. Otto angeitumia hadi Krismasi. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama yote ya ukweli asubuhi ile, kicheko cha jikoni, na mtu aliyechekesha watu maisha yake yote akaona hawezi kuilipa. Na yule nahodha aliyepiga simu je? Na mpishi? Na mlango wa kutokea? Angewapeleka wapi watu wote hao?

Dirishani pale gatini alikuwa Ruby, binti wa Drucilla wa mtaa wa juu. Selby alimjua tangu akiwa na jino moja.

"Mjomba Selby! Habari za kwako? Mama Melvina kashafunga mizigo?"

"Kashafunga. Ruby, mwanangu, nitazamie Ijumaa. Gari moja, watu wawili."

Ruby akatazama, akatikisa kichwa. "Ijumaa imejaa, mjomba. Na Jumamosi, na Jumapili. Magari ya wabara yamepangwa mle kama samaki kwenye kopo. Lakini watu wa miguu nafasi zipo tele. Mkivuka kwa miguu, mjomba Leander si atatuma mtu awapokee?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa, wazi, na mwanga ukipita. Selby akauona. Akaona pia kiti cha baba nyuma ya gari, na Melvina akiuliza kwa nini kinashushwa, na Otto amesimama kwenye ua wake mikono kiunoni, akianza kutabasamu.

"Haiwezekani kwa miguu," akasema.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo mdomo ulipomtangulia mwenyewe, kama ulivyozoea. "Ni msiba, Ruby."

"Yarabi! Msiba wa nani?"

Selby aliwatafuta watu kichwani upesi upesi, na kichwa chake kilikuwa na mtu mmoja tu ng'ambo ya maji.

"Leander," akasema.

Ruby akaweka mkono mdomoni. Macho yakajaa pale pale, mbele ya foleni. Leander ndiye aliyepiga kodiani harusini kwa mama yake, akapiga mpaka kulipokucha, na hadithi ya harusi ile Ruby alikuwa ameinyonya pamoja na maziwa. "Jamani, mjomba Leander. Na sherehe yake Jumapili." Akajipangusa kwa kiganja, akainamia kompyuta. "Ipo nafasi moja tunaiachaga kwa wafiwa. Ndiyo ya mwisho. Chukua, mjomba. Chukua, na umwambie mama Melvina tuko naye."

Selby alitoka na nafasi yake. Mwanzo miguu ilikuwa mizito, lakini kufika garini ikawa imeanza kuwa myepesi. Mtu anaweza kuzoea chochote akipewa ngazi chache. Akajiambia Leander mwenyewe angecheka akisikia. Akajiambia kwamba Ruby yeye mwenyewe atamweleza ukweli baadaye, taratibu, wakiwa wamesharudi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Selby ilitoka gatini mpaka nyumbani kwake, na bado akasimama katikati kununua kahawa.

Ruby hakuwa mmbea. Alimpigia mama yake tu. Drucilla naye alipiga simu mbili tu, na mjini pale simu mbili zinamtosha hata aliye baharini.

Selby alipokata kona akakuta magari uani kwake. Ukumbini viatu vilikuwa vimepangwa mpaka mlangoni, na akaitambua buti ya Otto yenye kiraka. Akafungua mlango wa jikoni. Watu walikuwa wamejaa, wameketi, wamesimama, na hakuna aliyesema neno. Jikoni mle hamjawahi kunyamaza yeye akiingia. Mezani palikuwa na pai zilizofunikwa vitambaa, sufuria ya nyama ya chumvi na kabichi, mikate midogo ya zabibu kavu, na katikati, donge la unga ambalo lilikuwa limekandwa nusu likaachwa.

Melvina alikuwa kwenye kochi, mikono yake bado ina unga. Alipomwona akasimama. Akamjia, akamkumbatia mbele ya watu wote, yeye ambaye hata siku ya harusi alimshika mkono tu.

"Ulijua," akasema shingoni mwake. "Ulijua tangu asubuhi, ukaninyamazia. Ukaenda kwanza kunitafutia njia ya kumfikia."

"Melvina..."

"Usiseme. Siku zote nakwambia mdomo wako hauna kitasa. Leo umebeba msiba wa kaka yangu peke yako mpaka gatini, hukumwambia mtu. Nisamehe, mume wangu. Nilikuwa sikujui."

Akamwachia. Kwenye koti la Selby ilibaki alama ya unga ya mikono miwili.

Otto Sheaves akasogea. Alikuwa amevua kofia, na Otto bila kofia alionekana kama nyumba bila paa. "Kaka," akasema, "nimekutania tangu tukiwa watoto. Leo nimekuvulia hii. Pole sana."

Selby akatazama chini. Maneno aliyokuwa akiyatafuta yalikuwa machache, matatu tu au manne, na yalikuwa yamekaa juu ya ulimi. Lakini ngoja ngoja ilikuwa inazidi kuyaongeza uzito. Dakika moja iliyopita yalikuwa mawe. Sasa yalikuwa nanga.

"Alikufaje?" Drucilla akauliza kwa upole, akimmiminia chai. "Alipata taabu?"

Watu wakainamisha vichwa kusikiliza, na Selby, Mungu amsamehe, akaliona jikoni lake kama alivyoliona kila jioni ya baridi: nyuso zimemgeukia, mvuke unapanda, wote wanangoja. Hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha.

"Hakupata taabu," akasema. "Alikuwa bustanini. Kwenye viazi vyake."

"Bustanini?" Melvina akauliza. "Na miguu ile?"

"Ndiyo ajabu yake. Jirani anasema asubuhi kulikuwa na jua, jua ambalo North Sydney hawajaliona mwaka mzima. Leander akatoka mlangoni, akaziegemeza fimbo zake zote mbili ukutani, akaziacha. Akatembea. Akapita kabichi, akapita vitunguu, mgongo umenyooka kama mlingoti. Akafika kwenye viazi, akainama, akachimbua kimoja, akakitazama, akacheka. Akaketi pale pale kwenye udongo, kiazi mkononi. Basi."

Mtu mmoja akavuta kamasi. Otto alikuwa anajipangusa macho kwa kofia. Ilikuwa hadithi nzuri, tena nzuri kuliko ya koti.

Melvina akatoa sauti ambayo Selby, katika miaka yote ya kulala kitanda kimoja naye, hakuwahi kuisikia. Haikuwa kilio. Akamshika mkono wa koti, uso umelowa, na usoni mle mkawa na kitu kama mwanga.

"Alitembea, Selby?" akauliza. "Mwenyewe? Bila fimbo?"

Angeweza kuvumilia lawama. Angeweza, huenda, kuvumilia hata kilio. Lakini mkewe alikuwa amekiokota kile kipande cha uongo alichokitupia kwa mapambo tu, akakikumbatia kifuani, na angekibeba mpaka kaburini.

"Hakutembea," Selby akasema.

"Nini?"

"Hakutembea, Melvina. Wala hakufa. Yupo nyumbani kwake, nadhani anasikiliza redio. Nilikata tiketi kinyume. Nilikata ya kuja badala ya kwenda. Feri imejaa. Nikamwambia Ruby kafa ili nipate nafasi."

Birika likaanza kuchemka na hakuna aliyelitoa. Otto alifungua mdomo, na kona moja ikaanza kwenda juu kwa mazoea, tiketi kinyume, jamani. Kisha akamtazama Melvina, kona ikashuka. Akavaa kofia.

Wakaondoka mmoja mmoja. Ukumbini zilisikika buti zikivaliwa, na watu wakiombana radhi kwa sauti ndogo kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa. Hakuna aliyechukua chakula chake. Drucilla alipofika mlangoni akageuka, Selby akajikaza apokee alichostahili.

"Pai yangu iko kwenye oveni," Drucilla akasema. "Usiiache iungue."

Hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Walipobaki wawili, Melvina hakumtazama. Akaenda kwenye simu ya ukutani, akapiga namba anayoijua kwa moyo. Kutoka alipoketi Selby aliisikia sauti ya Leander, kubwa kama ya kila mzee asiyesikia vizuri.

"Haloo? Haloo! Nani? Kama unauza madirisha, ninayo!"

Melvina akaegemeza paji la uso ukutani, simu sikioni, akasikiliza.

"Haloo! Nasikia unahema. Kama ni wewe Dougall, nimeshakwambia mbwa siye wangu!"

"Ni mimi," akasema mwishowe. "Hapana. Hapana, kaka, hakuna kitu. Nilitaka tu kukusikia."

Alipokata simu akanawa unga mikononi, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Kwa hiyo," akasema, bado amempa mgongo, "ulimwua kaka yangu ili Otto asikucheke."

Selby alitafuta namna ya kulisema hilo ambayo ingekuwa nafuu kidogo. Haikuwapo. "Ndiyo," akasema.

"Rudi gatini ukairudishe hiyo nafasi."

"Nitampigia Ruby sasa hivi..."

"Hutampigia. Uongo uliupeleka na gari, ukweli hutautuma kwa simu. Utasimama kwenye foleni kama watu. Na unikatie nafasi ya miguu, Ijumaa." Akafunga bomba. "Moja."

Foleni mchana ule ilikuwa ya wabara, na baiskeli zao, na mbwa waliovalishwa makoti. Ruby alipomwona kwa mbali akasimama kabisa. "Mjomba, pita mbele! Mfiwa hapangi foleni!"

Wabara wakamgeukia kwa huruma, wakamfungulia njia.

"Leo atapanga," Selby akasema, akabaki mwisho. Na kadiri foleni ilivyosogea ndivyo alivyotamani isisogee. Alipofika dirishani alieleza yote, bila nahodha wala mpishi, na ajabu ni kwamba yalikuwa maneno machache sana.

Ruby hakupiga kelele. Alivuta kompyuta, akabonyeza, akaifuta nafasi ile. "Kuna baba mmoja kutoka Burgeo," akasema akiwa bado anatazama kioo. "Yuko nje garini tangu asubuhi. Anakwenda kumzika dada yake. Nilimwambia ya wafiwa imeshachukuliwa. Akaniambia haidhuru, mwenye kuichukua naye ana lake."

Selby akashika ukingo wa dirisha.

"Nililia hapa, mjomba. Mbele ya wageni."

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Ulikuwa umeshaondoka na furaha yako."

Selby akaomba nafasi ya miguu, ya Ijumaa.

"Moja?" Ruby akauliza.

"Moja. Si yangu."

Siku mbili zile hadi Ijumaa nyumba ilikuwa na chakula cha kulisha parokia, na hakuna aliyekula. Melvina alizungumza naye yanayohusu kuni na yanayohusu paka. Ijumaa akavaa koti lake la kanisani. Selby akabeba begi, ambalo lilikuwa na samaki, jamu na sweta. Kiti cha baba kilibaki nyuma ya gari, kimefunikwa turubai.

Gatini upepo ulikuwa mkali. Pale kwenye kizuizi cha watu wa miguu alikuwa amesimama Clyde, mfunga kamba, mwenye sauti ya kuita meli. Habari ilikuwa imeshamfikia, na ilikuwa imeshafika mpaka Burgeo na kurudi.

"Mjomba Selby!" akapaza. "Leo nani kafa?"

Vibarua wakacheka. Siku nyingine Selby angemrudishia mpaka Clyde aombe maji. Safari hii damu ilimpanda mpaka masikioni, akabaki ameshika begi kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau kitu gani.

Ni Melvina aliyejibu. "Hakuna aliyekufa, Clyde," akasema. "Kuna mtu anaona haya. Mwache ayaone."

Clyde akaanza kuzikunja kamba ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Melvina akalichukua begi mkononi mwa mumewe. Selby alitaka kusema salimia, alitaka kusema nisamehe, na yote mawili yalionekana mdomoni mwake kama vitu vya kuazima. Mkewe akampita, akapanda ubao mrefu wa kuingilia ferini pamoja na wabara na baiskeli zao, kikoti cha kanisani kikipigwa na upepo. Hakugeuka nyuma. Selby alisimama hata feri ilipokuwa nukta, na hakumwambia mtu ilikuwa nukta kubwa kiasi gani.

Kesho yake jioni simu ya ukutani ikalia.

"Shemeji!" sauti ya Leander ikajaa jikoni. "Nasikia nimekufa!"

"Leander. Shemeji yangu, mimi..."

"Tena nasikia nilikufa vizuri mno. Melvina kanieleza nusu, kisha akakataa kuendelea. Nusu ya pili naitaka kwa mwenyewe. Eti niliziacha fimbo?"

Selby akahamishia simu sikio la pili.

"Haya, sema! Kiazi kilikuwa kikubwa? Nilicheka kabla ya kukaa au baada ya kukaa? Mtu hapati nafasi ya kusikia haya mara mbili, bwana. Nipe!"

Miaka yote hakuna aliyemwomba Selby hadithi akaikosa. Nayo ilikuwapo, nzima, akiiona: jua, kabichi, mgongo kama mlingoti. Ilitaka neno la kwanza tu.

"Hakuna hadithi, shemeji," akasema. "Nilikata tiketi kinyume. Nikaona haya kumwambia mke wangu... kumwambia dada yako. Nikaona bora nikuue wewe kuliko nichekwe mimi. Ni hivyo tu."

Kule ng'ambo, nyuma ya Leander, zilisikika sahani, na mlango wa kabati, na mtu akitembea kwa viatu vya ndani, mwendo ambao Selby angeutambua popote.

"Ni hivyo tu?" Leander akasema.

"Ni hivyo tu."

"Hadithi mbaya kabisa hiyo."

"Ndiyo."

"Ngoja." Leander akaweka kiganja kwenye simu, lakini asiyesikia vizuri haminyi sauti yake, na Selby akasikia kila kitu. "Ni yeye. Unataka kuzungumza naye?" Kisha kimya. Kisha, "Haya. Haya, nitamwambia."

Selby akashika waya wa simu.

"Anasema bado," Leander akasema. "Anasema upige kesho."

"Saa ngapi?"

"Hakusema saa. Kasema kesho."

Kesho yake Selby akapiga.